Siku Mama Mdogo Alipotangaza Kwamba Amepona

Mwaka huu nimerudi Kisangani, rafiki yangu, na miguu ikanipeleka yenyewe hadi Tshopo, mahali lilipokuwa kanisa letu. Sasa ni bohari ya saruji. Mlinzi, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniuliza, "Papa, unatafuta mifuko ngapi?" Nikamwambia sitafuti kitu. Kumbe nilikuwa namtafuta mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyekuwa akiimba humo kwenye kwaya nilipokuwa mtoto.

Tuliishi kwa bibi, mimi na yeye. Bibi alikuja mjini akitokea Maniema alipoolewa, na hakuwahi kuuzoea. Jumapili baada ya ibada tulikula lituma. Ndizi zilichemshwa zikatwangwa kwenye kinu mpaka zikawa donge laini, zikaliwa na samaki na mawese ya moto. Kutwanga ilikuwa kazi yangu. Mama mdogo aligeuza donge kwa mkono uliolowa maji, akiimba ili mchi wangu ufuate wimbo na usimponde vidole. Maporomoko ya Tshopo yalinguruma mchana kutwa, na umeme wa bwawa lake ulipita juu ya paa letu kwenda kwa watu wengine. Sisi tulikuwa na koroboi, na hatukujiona maskini.

Kisha mama mdogo akaanza kukohoa. Kwenye kituo cha afya walisema ni kifua kikuu, wakampa vidonge vya kumeza kila siku kwa miezi mingi, mbele ya muuguzi, halafu afungue mdomo aonyeshe kwamba amemeza. Vilimfanya akojoe mkojo wa rangi ya mawese, na mimi na yeye tulicheka mpaka bibi akatufukuza uani. Baada ya wiki chache mashavu yakarudi. Kikohozi kikanyamaza, na sauti yake ikapanda tena kwenye kwaya.

Hapo ndipo furaha ilipotuponza. Kama ulilelewa kwenye makanisa kama letu, unaijua saa ya ushuhuda. Kabla ya mahubiri mtu anasimama, anasema "Bwana asifiwe!", wote wanaitikia "Amina!", anaeleza alivyokuwa na alivyo sasa, halafu anaanzisha wimbo. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi. Ushuhuda ulikuwa na nafasi ya "nilikuwa" na nafasi ya "sasa". Nafasi ya "bado" haikuwepo. Sikuwahi kumwona mtu akisimama kushukuru akiwa katikati ya shida.

Mama mdogo akasimama, amevaa kitenge cha kwaya. "Bwana asifiwe! Nilikuwa mugonjwa ya kifua, bote mulioko hapa munajua. Leo niko muzima. Yesu ameniponya, kabisa!"

Kanisa lililipuka. Akina mama walivua vitenge vyao vya juu wakavitandika chini ili avikanyage. Alipita juu yake akilia na kucheka, nami nilijiona mtoto wa nyumba kubwa.

Jumatatu hakwenda kituoni. Jumanne vilevile. Bibi alimwita jikoni, nami nilikuwa napepea moto.

"Mama, nitapita wapi?" mama mdogo akasema. "Njia ya centre ya afya inapita mbele ya kanisa, na bamama banauzisha sombe pale asubui mpaka magaribi. Bakiniona naenda kuchukua dawa, batasema nilidanganya Mungu."

"Mungu ndiye alikutumia ile dawa, mwana yangu."

"Bon, nirudi kusimama, niseme nini? Kama sijapona?"

Bibi akakoroga sufuria. Na ujue, hakuna aliyemkataza dawa. Hata mchungaji hakumkataza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwapo mtu mmoja wa kumchukia, ningemchukia vizuri sana, maana kuchukia ninakuweza.

Muuguzi alikuja kumtafuta, amepakiwa kwenye toleka, zile baiskeli zetu za abiria. Siku hiyo mama kiongozi wa maombi alikuwa uani, akichambua na bibi sombe, yale majani ya muhogo. Muuguzi alipomwulizia mgonjwa wake, mama mdogo alijibu akiwa chumbani, nyuma ya pazia, kwa sauti ya kuchangamka: "Mumuambie mi niko muzima!" Nilikuwa naye mle ndani. Nilimwona akiukandamiza mto mdomoni, mabega yakimtikisika, ili kikohozi kisitoke nje. Uani, mama kiongozi alisema "Amina". Bibi aliinamia majani yake. Muuguzi akapanda toleka akaondoka.

Kikohozi kilirudi na damu. Tulipompeleka hospitali kuu alikuwa mwepesi kiasi kwamba bibi alimbeba mgongoni kama mtoto mchanga, na madaktari walimkaripia bibi kwa kuchelewa. Alikufa msimu wa mvua. Niliulilia mwili wake mpaka nikaishiwa machozi, halafu nikaenda kutwanga ndizi za wafiwa.

Matanga yalipokwisha, bibi alisimama kanisani saa ya ushuhuda.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Mwana yangu alisema hapa amepona. Hakukuwa amepona. Dawa ilikuwa inamusaidia, akaiacha sababu ya haya. Alituogopa. Mi naamini Mungu, siku zote, lakini mwana yangu amekufa, na—"

Mama kiongozi akaanzisha wimbo. Ngoma zikaingia, makofi yakafuata, sauti zikajaa hadi kwenye mabati. Midomo ya bibi iliendelea kusema. Niliketi karibu naye na sikusikia neno. Alisema mpaka akamaliza yake yote, ndipo akaketi.

Hakuhama kanisa. Wengi walimshangaa, mimi pia. Kila Jumapili aliketi palepale, na saa ya ushuhuda macho ya mama kiongozi yalimruka.

Miaka ikapita, presha ikamlaza kitandani. Akina mama walikuja na nyimbo zao kumuaga. Mama kiongozi, naye ameshazeeka, akamwinamia. "Koko," akasema, tunavyowaita mabibi, "tuachie ushuhuda."

Bibi akanigeukia. "Lete kidonge yangu."

Nilimpa na maji. Alikimeza polepole mbele yao wote, akafungua mdomo wazi, akainua ulimi waone kwamba hakimo. Kisha akasema, "Bwana asifiwe." Walitazamana. Mama kiongozi aliishika ile Amina kooni, akakaa chini kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kitenge.

Bibi hayupo tena. Kinu kilikwenda kwa jirani, na kanisa ndiyo hiyo saruji. Hayo yote ningeyavumilia. Ninachokililia ni kidogo tu. Mama mdogo angekuwa sasa mwanamke wa mvi, mnene, mkali, sauti inakwaruza, ananituma maji ya kumezea dawa na kunigombeza kwamba nimechelewa. Sikupata kumwona akizeeka. Alisimama mbele yetu mgonjwa, tukampigia makofi, akafa.