Gauni la Kipimo

Kiwandani walimwita Mama Zipu, naye hakuona sababu ya kununa, maana kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa hiyo tu: gauni linamfikia likiwa limeshonwa kila mahali isipokuwa mgongoni, analitia zipu, analisukuma kwa Mama Vifungo aliyekaa mashine ya jirani. Wawili hao walitaniana kwamba siku wakiugua pamoja, wanawake wa mji mzima watatembea migongo wazi. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Akirudi nyumbani ilibidi aonyeshwe sukari inawekwa wapi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu wawili, yeye na binti yake.

Binti huyo Mungu alimvuta. Alipofika miaka kumi na tano alikuwa amempita mama yake kichwa kizima, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Shuleni wakamwita Ufito. Akisimama kujibu swali, nyuma huko lazima mtu aulize hali ya hewa ya huko juu ikoje. Watoto hawana haya. Msichana akajizoeza kutembea ameinama, mabega chini, kana kwamba ameangusha sarafu. Mama yake alimwambia asimame wima, kimo hakiibiwi, lakini maneno hayo yaliingia sikio hili yakatokea la pili.

Siku alipoingia kiwandani alikuwa ameleta ufunguo wa nyumba, ambao mama yake aliusahau. Bibi aliyesimamia chumba cha sampuli, aliyeitwa na wote Madamu, alikuwa akipita na futi shingoni. Akasimama. Akamzunguka msichana taratibu kama mtu anayenunua mbuzi.

"Huyu ni wa nani?"

"Wangu, Madamu," akasema Mama Zipu, tayari kuomba radhi, maana watoto hawakuruhusiwa kuingia. "Anaondoka sasa hivi."

"Haondoki. Niazime kidogo."

Kazi yenyewe ni hii. Kabla nguo hazijakatwa kwa maelfu, ile ya kwanza huvalishwa mtu aliye hai. Husimama juu ya stuli, akainua mkono, akainama, akaketi, ili ionekane nguo inabana wapi na inapwaya wapi. Sanamu ya mbao haiketi wala haipumui. Mtu huyo sharti awe na vipimo vinavyotakiwa, na sharti abaki navyo. Ufito alikuwa navyo, utadhani karatasi za kukatia zilichorwa juu ya mwili wake. Madamu akamwambia aje kila siku baada ya masomo, na akaongeza ahadi: akidumu hivyohivyo, katalogi ijayo atapigwa picha yeye, awe mwanamitindo kamili.

Ukutani mwa chumba hicho lilitundikwa gauni jeupe la bafta, halina ua wala kola, wakiliita gauni la kipimo. Futi ilitumika siku ya kwanza tu. Baada ya hapo Madamu aliliamini gauni kuliko macho yake. Kila Jumatatu Ufito alilivaa kabla ya kitu kingine chochote. Zipu ikipanda hadi juu bila mtu kubana pumzi, kazi ipo. Isipopanda, asante na kwaheri. Msichana aliyemtangulia alitoka hivyo, akilia kwenye ngazi, na hakuna aliyemfuata.

Tusimnyime Ufito haki yake: alifurahi. Mwili uleule uliochekwa darasani sasa ulikuwa unaguswa kwa adabu, kwa pini na chaki, na watu wazima walinong'ona mbele yake wasije wakamchosha. Mabega yakapanda yenyewe. Jioni alitembea sebuleni kutoka mlangoni hadi jikoni, sahani kichwani, akigeuka kwa nyonga ambazo hakuwa nazo, na Mama Zipu alicheka mpaka akajishika mbavu. Hakuwa amemwona mtoto wake akitembea wima tangu alipoacha kubebwa.

Halafu nyonga zikaja. Hazibishi hodi, zinakuja tu, na popote pengine duniani zingepigiwa vigelegele.

"Loo, shoga, mtoto ameanza kujaza!" Mama Vifungo alipiga kelele alipomwona. "Andaa fimbo mapema, wachumba wanakuja."

Ufito alicheka na wengine wote. Jioni hiyo hakula.

Kesho yake alisema amekula shuleni. Keshokutwa tumbo lilimsumbua. Chai akaanza kuinywa bila sukari, mkate akautia kwenye mkoba eti ataula njiani, na mama yake alipoufungua mkoba afue, alikuta vipande vimekauka vimekuwa kama matofali. Mama Zipu hakuwa mjinga. Alijua. Ilibidi siku hiyohiyo amketishe mtoto amwambie basi, kazi gani hii, na ilibidi ampelekee Madamu jibu lake pia. Lakini kila alipofungua kinywa alimwona Ufito akipita wima, kidevu juu, akaogopa kuvunja kitu ambacho hajui kama kitaungika tena. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo aliijua tangu utotoni. Kuijua hakukumsaidia kitu.

Ijumaa moja zipu ya gauni la kipimo ikakatika meno, na nguo yenye zipu mbovu iende wapi kama si kwake? Alilitandika mezani. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Mama Vifungo alikuwa ameenda kunawa. Akashika wembe, akafumua mishono ya ubavuni, pande zote mbili, akaachia kitambaa cha ndani upana wa kidole, akashona upya, akapiga pasi, kisha ndipo akatia zipu. Moyo ulimdunda kama wa mwizi, na kusema kweli huo ulikuwa wizi. Lakini hesabu yake ilikuwa ya mama: gauni likipanuka mtoto atapumua, akipumua atakula.

Jumatatu zipu ilipanda bila kugusa nyama. Ufito alikuja mbio hadi kwenye mashine ya mama yake, uso unang'aa.

"Mama, linapwaya!"

Mama Zipu hakumbuki siku nyingine aliyofurahi kazini namna ile. Jioni alinunua nyama, akapika kwa utulivu, akamjazia sahani. Ufito akala matonge matatu, akaisogeza.

"Acha nibaki hapohapo, mama," alisema, karibu anaimba. "Wiki nzima sikula, na umeona mwenyewe. Kumbe inawezekana!"

Mama Zipu alibaki na mwiko mkononi. Hapo ndipo angesema. Neno lilifika kwenye meno likarudi. Akisema, mtoto atajua kwamba nyonga zilikuja kweli, na ataona aibu. Akisema, Madamu atasikia, na wote wawili watatoka. Akajipa moyo kwamba njaa itamshinda msichana, kwani nani amewahi kuishinda njaa? Leo nitasema, kesho nitasema, wiki zikapita.

Njaa ilishindwa. Ufito akaanza kuvaa sweta mchana wa jua kali. Nywele zilibaki kwenye kitana. Mwalimu alituma salamu mara mbili kwamba mtoto analala darasani, na mara ya tatu hakutuma tena kwa sababu mtoto alikuwa ameacha kwenda. Madamu peke yake ndiye aliyeridhika. "Huyu ana nidhamu," aliwaambia wageni, akimgeuza bega juu ya stuli. "Wangekuwa wote hivi!"

Siku moja akamwita Mama Zipu chumbani kwake.

"Mama, gauni linampwaya mwanao. Wenye katalogi wameona picha zake za majaribio, wamempenda alivyo sasa. Kwa hiyo kipimo kitamfuata yeye. Libane hapohapo alipo, halafu ukalishone."

Ufito alikuwa amesimama juu ya stuli, gauni amelivaa ndani nje ili mishono ionekane. Alimtabasamia mama yake. Mama Zipu akachukua pini. Bafta haisahau sindano: pale alipofumua, mstari wa vitundu ulikuwa bado upo, mdogo mdogo, kama njia ya siafu. Akabana hadi kwenye mstari ule. Gauni halikushika. Akasogea ndani upana wa kidole. Bado. Vidole vyake viligusa mfupa wa nyonga, umesimama peke yake, hauna kitu cha kuufunika.

"Bana tu, mama," Madamu alisema. "Bado linapwaya."

Akabana. Alipomaliza alilikunja gauni, na badala ya kulipeleka kwenye mashine akalitia kwenye kikapu akaenda nalo nyumbani.

Alilitandika juu ya meza ya chakula, kando ya sahani ya maharage, akamwita binti yake.

"Kaa, mwanangu. Unaviona vitundu hivi? Hapa ndipo mshono ulipokuwa zamani. Mimi ndiye niliyeufumua. Siku ile uliposema linapwaya, si kwa kufunga kwako. Nililipanua mimi. Nililipanua ili ule. Nilitaka ule tu, mama yangu. Ningekwambia. Niliogopa."

Ufito aliupitisha ukucha juu ya vitundu, kimoja kimoja, kutoka kwapani hadi chini. Mama yake alingoja alie, au apige kelele, au amrukie shingoni. Angepokea lolote.

"Kwa hiyo siku ile," msichana akauliza taratibu, "nilikuwa nimeshanenepa?"

Maharage yakapoa katikati yao.

Kesho yake gauni lilirudi kiwandani, na wiki hiyohiyo Ufito alianguka. Aliambiwa ainue mkono, akauinua, na stuli ikabaki peke yake. Mama Vifungo ndiye aliyesikia kishindo, akazima mashine yake, halafu ya rafiki yake. Hospitalini daktari alisema mwili uliokosa chakula hujila wenyewe, na huu ulikuwa umefika moyoni. Ataishi, ila moyo huo asiutegemee kupanda ngazi. Mama Zipu aliporudi kiwandani alikuta gauni la kipimo limetandikwa kwenye mashine yake, mishono juu, na Madamu amesimama kando. Madamu alikuwa ameviona vitundu, na Mama Zipu akafungasha vitu vyake, kazi imeisha. Katalogi ilipotoka, ndani yake mlikuwa na msichana mwingine.

Sasa Mama Zipu anashona nyumbani, nguo za majirani, na za binti yake. Ufito ana miaka kumi na tisa. Hula anapokaliwa karibu, huacha anapoachwa peke yake, na siku nzuri zipo, ingawa chache. Kila mama yake anapommalizia nguo mpya huichukua kwanza hadi dirishani, akaigeuza ndani nje.

"Mama, hii umeipanua?"

"Sijaipanua, mwanangu. Hivyo ndivyo ulivyo."

Naye huupitisha ukucha kwenye mshono, kutoka kwapani hadi chini, akitafuta vitundu. Asipoviona huanza upya upande wa pili. Mama Zipu hukaa kitini mwake, mikono magotini, akingoja kuaminiwa.