Beryl Hadley, Mtu wa Mkiani

Kwa miaka kumi na moja Beryl Hadley alitembea nyuma yetu sote, na hakuna aliyewahi kumsikia akitaka nafasi nyingine. Tulipopita kwenye geti la shamba, yeye ndiye aliyelifunga ili kondoo wasitoke. Tulipotua kupumzika, alitupitia mmoja mmoja kwa macho, midomo ikichezacheza, mpaka hesabu itimie. Tukiwa tisa, tisa. Hapo ndipo aliposhusha begi lake na kutoa chupa ya chai.

Kikundi chetu ni cha watu wa Wolverhampton, Uingereza, karibu wote wastaafu. Mara nne kwa mwaka tunatoka mjini Ijumaa jioni, tunalala hosteli mahali fulani mashambani, tunatembea Jumamosi na Jumapili, kisha tunarudi nyumbani nyayo zinawaka moto. Beryl alikuwa ameendesha basi la shule kwa miaka ishirini na sita. Ni mwanamke mfupi, mwenye magoti manene, na kofia nyekundu ya sufu aliyoifuma mwenyewe. Kila mtu kwake ni "kipenzi", awe askari wa barabarani au mbwa wa jirani.

Ile tabia ya kuhesabu ilikuwa na chanzo chake, na alinisimulia mara moja tu. Mwaka wake wa tatu kazini alirudisha basi karakana, akalifunga, akaenda kunywa chai. Baada ya dakika arobaini simu ikalia: mtoto mmoja hajafika kwao. Alikuwa na miaka sita, anaitwa Gareth, na alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma kabisa. Walipofungua basi walimkuta ameamka, anachora nyuso za watu kwa kidole kwenye mvuke wa kioo.

"Yeye hata hakulia," Beryl aliniambia. "Nililia mimi, wiki nzima."

Basi safari ninayoisimulia ilikuwa ya mwezi wa Mei, kwenye mlima wa Long Mynd, kule Shropshire. Kiongozi wetu alikuwa Godfrey Pargeter, aliyezeeka akichora michoro ya mashine kiwandani. Miguu yake mirefu kama ya korongo, na ramani huning'inia shingoni ndani ya mfuko wa plastiki hata wakati wa kula. Ijumaa ile, tukiwa mezani na soseji na viazi vya kupondwa, alitoa amri zake.

"Tunaondoka saa tatu kamili. Na wewe Beryl, nakuomba, usitucheleweshe kwa kuzungumza na farasi."

"Farasi wananisikiliza, kipenzi," Beryl akajibu bila kuinua macho kwenye sahani. "Wewe tangu nikujue hujanisikiliza hata siku moja."

Colin, mwenzetu ambaye mawazo yake yote huwa tumboni, alicheka mpaka akapaliwa.

Jumamosi kulipambazuka vizuri. Tuliacha magari Little Stretton, kijiji kilichoko chini ya mlima, tukapanda taratibu jua likiwa mgongoni. Juu kule ni uwanda mpana wa vichaka vifupi vyeusi, farasi wadogo wa porini na ndege wanaoimba wakiwa angani huwaoni. Tulikula sandwichi zetu kileleni. Godfrey alitutajia majina ya vilima vyote mpaka Wales, kama kawaida yake, na sisi tukaitikia kwa vinywa vilivyojaa.

Tulipokuwa tunafunga mabegi, ukungu ukaja. Haukunyemelea. Uliingia kama mtu anayeteremsha pazia, na vile vilima alivyokuwa akivitaja Godfrey vikafutika kimoja kimoja.

"Msiwe na wasiwasi," akasema, akaruka mtaro mdogo ili atuonyeshe njia. Mguu ukatua kwenye shimo la sungura. Tulisikia sauti kama ya kijiti kinachovunjika, kisha tukasikia maneno ambayo hatukujua kama Godfrey anayajua.

Jaswinder, aliyekuwa muuguzi kwa miaka thelathini, alimvua kiatu na kumpapasa. "Haujavunjika. Umeteguka. Lakini kwa mguu huu hutembei, hata ukinikasirikia."

Bahati yetu, barabara nyembamba ya magari inapita juu ya mlima ule, na hatukuwa mbali nayo. Tulimkokota Godfrey mpaka pale. Haukupita muda, mchungaji mmoja wa kondoo akatokea polepole na gari lake la mizigo, mbele amekaa yeye na mbwa wawili.

"Nina nafasi ya mtu mmoja," akasema, "na huyo mmoja atampakata mbwa."

Godfrey alivua ramani shingoni. Akatutazama. Sote ghafla tukawa na kazi: huyu anafunga kamba ya kiatu, yule anafuta miwani. Kushuka kwa barabara ile nyembamba hakukufaa, maana magari yasingetuona. Ilibidi tufuate bonde lenye kijito mpaka kijijini, na ndani ya ukungu hakuna aliyetaka lawama ya kutupoteza.

"Beryl," Godfrey akaita. "Njoo uchukue."

"Mimi? Mimi njia hii naijua kwa nyuma tu, kipenzi. Nimetazama makalio yenu miaka kumi na moja."

"Ndiyo maana. Sisi wa mbele tunakimbilia kufika. Wewe unatazama."

Beryl aliishika ile ramani kama sahani ya moto. Kisha akatuhesabu, saba mbali na yeye, akasema, "Jaswinder, wewe kaa mkiani. Wengine wote, hatua zangu. Anayeona naenda polepole, afunge mdomo."

Tukaenda polepole. Godfrey angetufikisha bondeni kwa dakika kumi. Beryl alichukua ishirini na tano. Ramani hakuifungua. Aliangalia chini, akasimama, akasikiliza, akaendelea. Kulikuwa na jiwe lenye ufa, na hapo akasema, "Hapa ndipo Godfrey hutupa somo la miamba." Tukafika kwenye mti wa miiba ulioinama. "Hapa Colin huuliza kama kuna keki."

"Ipo?" Colin akauliza kutoka nyuma.

Kila baada ya muda alitusimamisha, akahesabu. Mara ya kwanza saba. Mara ya pili saba. Mara ya tatu, tulipoanza kusikia maji ya kijito, akahesabu. Akahesabu tena.

"Simameni vizuri. Msisogee."

Akapita akimgusa kila mtu begani, akitaja namba kwa sauti. Mkono wake ulipotua kwenye koti moja la bluu, karibu na mwisho, akasema, "Nane."

Mwenye koti aliinua kichwa. Alikuwa mzee mwenye sharubu nyeupe zilizolowa.

"Wewe nani, kipenzi?"

"Alwyn," akasema. "Alwyn Probert."

"Alwyn wa wapi?"

Yule mzee alitutazama mmoja mmoja, na uso ukasawijika. "Jamani! Ninyi si watu wangu!"

Ikadhihirika kwamba kikundi chake, watu kumi na moja kutoka upande wa mpakani na Wales, kilikuwa mlimani humo humo. Yeye alisimama kujisaidia nyuma ya kichaka, alipotoka akaona mgongo wenye begi la njano ndani ya ukungu, akaufuata. Begi hilo lilikuwa la Colin. Jaswinder aliliona lile koti la bluu likiingia mbele yake, akadhani ni mwenzetu Trevor, ambaye naye ana la bluu.

"Dakika kumi nzima nimemweleza huyu bwana habari za ugonjwa wangu wa ngiri," Alwyn akasema akimwonyesha Colin. "Na alikuwa ananijibu!"

"Nilidhani ni Trevor," Colin akajitetea.

"Mimi nina ngiri?" Trevor akafoka.

Tulicheka mpaka tukashikana. Beryl peke yake hakucheka.

"Kwenye kikundi chenu, nani alikuwa nyuma yako, Alwyn?"

"Hakuna. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho."

"Na hakuna aliyehesabu."

"Sijui, mama. Sikumwona mtu akihesabu."

Kicheko kikatuishia. Juu ya mlima, ndani ya ule weupe, huenda watu kumi walikuwa wanazunguka wakiita jina lake. Tulijaribu simu, hakuna iliyoshika. Trevor akasema turudi tukawatafute. Beryl alitafakari kidogo, mkono wake bado uko begani kwa yule mzee.

"Hapana. Tukirudi, tutapotea watu kumi na tisa. Tunashuka, simu zikishika tunapiga. Alwyn, wewe utatembea nami, hapa ubavuni."

Kutoka hapo tulifuata kijito. Mawe yalikuwa na utelezi, na mara tano tulilazimika kuvuka maji, kila mara Beryl akisimama na kumpa mkono kila mmoja wetu mpaka wa mwisho. Alwyn alimsimulia habari za ngiri upya tangu mwanzo, naye akamsikiliza kikamilifu. Tulivyozidi kushuka ukungu ukawa mwepesi, tukaona kijani cha majani, halafu kondoo, halafu paa la nyumba.

Kwenye geti la mwisho palikuwa na watu wamekusanyika. Mwanamke wa miaka kama arobaini, koti lake limefungwa vifungo upande upande, alikuwa anaongea na simu huku machozi yanamtoka. "Sharubu nyeupe," alikuwa anasema, "koti la bluu, umri miaka sabini na…" Akamwona. Simu ikashuka mpaka kiunoni.

"Alwyn!"

"Pole, mwanangu," Alwyn akasema. "Nimefuata begi la njano."

Yule mwanamke, Rhiannon, ndiye aliyekuwa kiongozi wao, na ilikuwa safari yake ya pili kuongoza. Aliinua tena simu, akawaambia waokoaji wasipande tena mlimani, mtu amepatikana. Halafu akakaa chini kwenye nyasi zilizolowa na kulia kwa sauti. Nilidhani Beryl angemsema. Uso wake kule juu nilikuwa nimeuona.

Badala yake alijishusha kwa shida, goti moja kisha jingine, akakaa kwenye nyasi pamoja naye. Sikusikia yote. Nilisikia "basi", nikasikia "Gareth". Na mwishoni nikamsikia akisema, "Sasa wewe utahesabu maisha yako yote, kipenzi. Si kitu kibaya. Unazoea, halafu unaanza kupenda."

Tulimkuta Godfrey kwenye baa ya kijiji, mguu juu ya kiti, bia mkononi na manyoya ya mbwa suruali nzima. Alikuwa ameshatuhesabia saa moja ya kuchelewa.

"Mmepotea?"

"Tumeongezeka," Beryl akasema, akamrudishia ramani. Haikuwa na hata tone la maji.

Godfrey alisikiliza kisa chote bila kukatiza, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mwishowe akairudisha ramani mezani, upande wa Beryl. "Kesho pia itakuwa yako. Mimi siwezi kukanyaga."

"Tutachelewa."

"Mchelewe."

Jumapili jua likarudi, na Beryl akatupeleka matembezi mafupi ya bondeni, katika msitu uliojaa maua ya bluu chini ya miti, mengi mpaka ardhi haionekani. Nilikuwa nimepita pale mara tatu na Godfrey, na kusema kweli sikuwahi kuyaona vile. Maili nne zilituchukua asubuhi nzima. Hakuna aliyelalamika. Colin mwenyewe alisimama kwa muda mrefu akiangalia mbawakawa wa kijani kwenye jani, bila kutaja chakula.

Saa saba tulitokea kwenye kanisa dogo ambako akina mama wa kijiji walikuwa wanauza chai na keki ili wakarabati paa. Tuliketi ukutani, kwenye jua, vikombe mapajani. Beryl alivua buti zote mbili, akanyoosha vidole vya miguu ndani ya soksi za kijivu, akala kipande cha keki ya limau na cha pili. Kengele ililia. Jaswinder alimuuliza kama tuanze kurudi kwenye magari.

"Ngojeni kidogo," Beryl akasema, macho ameyafumba. "Hapa pana raha."

Tukangoja.