Nilipunguza Nguvu za Moko ya Marehemu Bila Kumwambia Mjane Wake

Admin, jina langu usiliweke kabisa, huku Bugarama tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, fundi simu, sijaoa. Nina jambo linanielemea.

Jumapili tukitoka kanisani tunakutana watu wanne kibandani kwangu kucheza mchezo wa hadithi. Si karata wala bao. Kila mtu ana shujaa wake na silaha yake. Mimi ndiye msimulizi, nawaletea mazimwi, na anayeshambulia anarusha dadu kujua pigo lake limeumiza kiasi gani. Uhai wa zimwi nauhesabu mimi nyuma ya kipande cha boksi. Wao hawauoni, wananiamini tu.

Mmoja wao ni shemeji yangu Mama Kulwa, mjane wa rafiki yangu aliyefariki kwa maradhi mwaka juzi. Marehemu alikuwa mchimbaji, na shujaa wa shemeji anapigana kwa moko, ile patasi ya chuma ya kupasulia mwamba. Aliomba kwenye mchezo ihesabiwe kuwa ni ile ya mumewe. Kwa huruma nikaipa uwezo uliopitiliza: inatoboa ngao yoyote, na pigo lake ni dadu mbili wakati wenzake wanarusha moja. Basi zimwi likitokea, shemeji keshalimaliza, wengine wameshika mikuki yao kama mapambo. Masanja, mwenzetu anayefanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, akalalamika: "Sasa sisi tumekuja kumpigia makofi Mama Kulwa?"

Alikuwa na haki. Mtu mwenye akili angekaa na shemeji, akamwomba wapunguze dadu moja. Mimi nikaona aibu kugusa kitu cha marehemu mbele yake. Nikawa akipiga kumi, nahesabu tano, kimyakimya. Mchezo ukanoga, nikajiona fundi.

Kumbe siku hizo hizo Masanja alikuwa amemposa shemeji, naye alikaribia kukubali. Jumapili iliyopita dadu za shemeji zote mbili zilikuja sita, na zimwi likabaki limesimama. Akaweka mikono mapajani.

"Shemeji, moko ya Baba Kulwa haiumi tena."

Nikacheka, nikamwambia ni bahati tu. Uongo mtupu, na ninajichukia kwa kicheko kile.

Mimi ni Msukuma, nilipaswa kujua. Kwetu marehemu akichukia jambo hasemi, anaonyesha kupitia vitu vyake. Jana shemeji kaja kibandani, macho yamevimba.

"Nimemkataa Masanja. Tangu anipose, moko imelegea. Baba Kulwa hataki. Nakwenda Samuye kwa wakwe zangu, tukawatambikie masamva, wazee wetu waliotangulia, na nitakaa huko huko na mapacha wangu."

"Lakini shemeji, Masanja si unampenda?"

"Nampenda. Ndiyo maana naondoka."

Anasafiri kesho kutwa. Masanja hafungui mlango, hapokei simu. Nikisema ukweli, shemeji atajua nimechezea jina la mumewe na kumtazama akiumia. Nikinyamaza, nimewazika wawili wazima.

Wakati anaondoka alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Asante shemeji. Bila mchezo wako nisingejua mume wangu anataka nini."

Ndugu zangu, nitukaneni mnavyoweza, lakini mnisaidie: nianzie wapi kumwambia kwamba aliyekataa si mume wake, ni mimi?