Mama aliyetoka Kabambare kumuulizia kaporali wa kitabuni

Umande haujakauka kwenye majani ya mihogo, lakini Clovis Sumaili ameshawasha moto. Pipa la mawese limekaa juu ya mafiga nyuma ya nyumba yake, hapa Kasongo. Yeye amesimama upande upepo unakotoka, kiuno kimeinama kidogo kushoto, anakoroga kwa mti mrefu uliobabuka ncha. Mafuta yakishakutana na soda kali hayamtaki mtu wa kugeukageuka. Ukiyaacha yanagawanyika, na sabuni ya namna hiyo hata bure haichukuliwi.

Soraya, mshonaji wa jirani aliyerudi juzi tu kutoka safari ndefu, anaingia uani na kitabu kwapani. Amekimaliza jana. Macho bado mazito.

"Papa Clovis, ule Kaporali alikukosea nini?" anauliza kabla ya kusalimu.

"Hakunikosea kitu, mama."

"Basi ulimuua juu ya nini? Luteni na Feza waoane, sawa, hata mimi nilifurahi. Lakini Kaporali! Na maiti yake haikuonekana. Kwa kitabu cha tatu utamurudisha, si ndiyo?"

"Hapana."

"Juu ya nini hapana?"

"Muke wake alikataza."

Soraya anacheka. "Kaporali hana muke! Nimesoma yote."

Clovis hacheki. Anaendelea kukoroga, macho kwenye pipa.

"Muke iko naye," anasema. "Anaishi Kabambare."

Kabla ya sabuni, Clovis alikuwa mwanajeshi. Aliachishwa kazi baada ya nyonga yake kuumia, akarudi kwao Kasongo, akajifunza kuchemsha sabuni kwa mjomba wake. Jioni alikuwa akiandika. Mkewe, Léocadie, anakumbuka kwamba mwanzoni alidhani ni mambo ya pensheni.

"Siku moja nikamuuliza anaandika nini," anasimulia Léocadie. "Akanisomea. Nikasikia mapenzi. Nikamwambia, kumbe ndani yako kulikuwa na maneno haya yote na mimi hujawahi kuniambia hata moja!"

Ndivyo kilivyozaliwa *Ng'ambo ya Luama*. Ni hadithi ya Luteni Alimasi, anayempenda Feza, muuguzi wa zahanati ya kijijini, wakati ndani ya kikosi chake kuna mtu anayewauzia maadui risasi, na kila dalili inaelekea kwa kaka yake Feza. Kitabu cha kwanza kilikwisha pabaya: Alimasi kapigwa risasi katikati ya mto Luama, Feza yuko ukingoni na kofia ya Luteni mkononi.

Kisha miaka sita ya kimya.

Nakala zilikuwa chache na hazikutoka Kasongo. Zilipita mkono kwa mkono hadi majalada yakang'oka. Clovis hakuweza tena kwenda popote kwa amani. Wanakwaya walimsimamisha mlangoni mwa kanisa. Bibi harusi mmoja, siku yake mwenyewe, alimvuta shati wakati wa pongezi akamnong'oneza: "Alimasi alitoka majini ao hapana?"

Watu walidhani ni uvivu. Haukuwa uvivu. Sura za mapenzi zilikuwa tayari zamani. Iliyomshinda ni moja tu, ile ya kifo cha Kaporali.

"Nilikuwa nafika pale naacha," anasema Clovis. "Narudi kwenye sabuni."

Kitabu cha pili kilipofika hatimaye, kikiwa kimefungwa kwa nailoni nyuma ya pikipiki ya Nourdine, kijana anayesafirisha mizigo na abiria, soko lilisimama. Wauza ndakala, wale dagaa wakavu, walisomeana kwa zamu. Askari mstaafu mmoja alikuja uani kwa Clovis na fimbo yake kulalamika kwamba hakuna luteni mwenye nafasi ya kuandika barua ndefu namna ile. Shemasi mmoja alisema mabusu yamezidi, ila alikaa na kitabu wiki nzima kabla ya kukirudisha.

Katika jambo moja wote walikubaliana. Waliyempenda kuliko Luteni, kuliko hata Feza, ni Kaporali Mukwe.

Kaporali huyo ni mpishi wa kikosi, mwenye mwendo wa taratibu na maneno machache. Kila wanapofika mtoni huvua kofia, huinama na kusema: "Mukwe, hodi. Ni mimi mutoto wako. Utupe njia." Hasemi kwa nini mto ni mkwe wake. Mwishoni mwa kitabu anabaki darajani na bunduki ili Alimasi na Feza wavuke, na risasi zinamwangusha majini.

Kasongo ililia. Watoto waliruka mitaro wakisema "Mukwe, hodi." Emmanuella, mama anayeuza ndakala sokoni, aligoma kununua sabuni kwa Clovis mpaka asikie Kaporali amefufuka. Wengine wakamjia na hoja: maiti haikuonekana, kwa hiyo yu hai.

"Nikaanza kufikiri kweli nimrudishe," Clovis anakiri. "Mto unaweza kumpeleka mtu mbali ukamtema mzima. Ningewafurahisha wote kwa ukurasa mmoja."

Alikuwa katika mawazo hayo Véronique alipofika.

Véronique ni mkulima wa karanga na mihogo pembeni ya Kabambare. Kitabu kilimfikia kwa njia ya sabuni: Nourdine alipopeleka mzigo kule alichukua na nakala kadhaa, na moja ikaangukia mikononi mwa Esther-Divine, binti yake Véronique, anayefundisha shule ya msingi. Alikuwa akimsomea mama yake huku wakimenya karanga. Hadithi ikafika kwenye mto wa kwanza. Kaporali akavua kofia.

Mikono ya mama ikasimama.

"Rudilia pale," alisema.

Binti akarudia. Mama akaomba tena, na tena. Kisha akainuka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake. Nourdine alipopita na safari iliyofuata, Véronique alikuwa barabarani amefunga kitambaa kichwani, na kikapu cha karanga mkononi, kwa kuwa haendi mtu ugenini mikono mitupu.

Njia ilikuwa imeharibika kwa mvua. Walilala njiani. Alipofika uani kwa Clovis, matope yalikuwa yamemkaukia hadi magotini. Alikataa kiti, akakataa maji.

"Papa, njo weye uliandika kitabu?"

"Ni mimi, mama." Clovis alidhani ni msomaji mwingine aliyekuja kumkaripia kwa ajili ya Kaporali.

"Ule mutu anayesalimia mito. Ulimutoa wapi?"

"Nilimutunga, mama," alijibu, kama alivyokuwa akiwajibu wote.

Véronique akatikisa kichwa.

"Hapana. Ule hatungwi. Baba yangu alikuwa anavusha watu kwa mutumbwi pale Luama. Siku bwana yangu alikuja kuleta mahari, mutumbwi ulipinduka, akatoka majini na mbuzi mabegani. Watu wote wakacheka. Yeye akasema, tangu leo kila mayi ni mukwe wangu, nitasalimia kwa heshima. Alisalimia hata kijito kidogo. Hakuna mutu mwingine anasema vile, papa. Hakuna."

Léocadie alikuwa jikoni. Anasema alisikia mti umeacha kugonga pipa; alitoka mlangoni akaona ule mti wa kukorogea umesimama peke yake ndani ya pipa, na mumewe ameketi chini kwenye udongo. Sabuni ya siku ile iliharibika yote.

"Alikuwa anaitwa nani?" Clovis aliuliza.

Kumbe Mukwe alikuwa mtu kweli, mwenzake wa jeshini, naye hakuwahi kulijua jina lake. Kikosi chao kilikuwa kimeokotezwa kwa haraka kutoka huku na huku, wakaishi kwa majina ya utani. Yule mpishi aliitwa Mukwe, basi. Karatasi za kikosi zilipotea msituni. Clovis alipotoka jeshini alipita Kabambare, kwao mpishi yule, akauliza, lakini aliuliza vile alivyojua.

"Nilisema natafuta watu wa Mukwe. Wakanicheka. Kabambare nzima ni wakwe."

"Heri," alijibu Véronique. "Anaitwa Heri."

Clovis akalitamka jina hilo taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu.

Ndipo mama akasema lililomleta. Kwa miaka yote hiyo hapakuja mtu, hapakuja barua wala kofia. Mdogo wa baba yake Heri alikuwa wa kwanza kusema kwamba kijana hakufa: yuko Salamabila, anachimba dhahabu, ana mke mwingine na watoto. Neno hilo likaota mizizi. Véronique hakuweza kuomboleza mume aliye hai, wala kuolewa tena akiwa mke wa mtu. Watoto waliitwa watoto wa aliyetoroka.

"Niambie," alisema. "Alikufa vile kitabu kinasema? Darajani?"

Clovis akamtazama mkewe. Darajani palikuwa pazuri. Kitabuni Heri alikufa amesimama, akiwaokoa wapendanao, na mji mzima ulimlilia kwa ajili hiyo. Angeweza kusema ndiyo, na mama angerudi nyumbani na fahari.

"Umuambie," alisema Léocadie.

Akamwambia. Hapakuwa na daraja, wala luteni na mpenzi wake. Heri alikwenda kuteka maji ya kupikia, na risasi iliyotoka vichakani ikamwingia tumboni. Walimbeba kwa machela ya miti hadi karibu na Lusangi. Mkulima mmoja, Mzee André, aliwafungulia jiko lake, akawatandikia karibu na moto. Mvua ikaanza kunyesha juu ya majani ya paa. Heri, kwa homa, akauliza ule mto unaosikika unaitwaje.

"Hakukuwa na mto," Clovis alimwambia Véronique. "Nikamwambia, ni mukwe wako. Akapeleka mkono kichwani kutafuta kofia. Haikuwapo. Mkono ukabaki pale pale kwenye paji la uso. Asubuhi alikuwa amekwenda."

Véronique aliuliza jambo moja.

"Walimufunika?"

"Ndiyo, shemeji. Kwa mukeka muzuri wa nyumba ile. Muke wa Mzee André alitoa mwenyewe. Na tulichimba chini sana."

Hapo ndipo alipolia. Léocadie alifungua kitenge chake cha juu akamfunika nacho mabegani, akaketi naye chini.

Habari hazikawii kuvuka ua. Emmanuella ndiye aliyetangulia kuingia, akiwa amekuja kwa shari zake za kila siku. Alipoelewa huyu mgeni ni nani, alitua beseni, akavua viatu. Kisha wakaja wauza ndakala wengine, na wanakwaya, na yule askari mstaafu mwenye fimbo, aliyesimama wima pembeni mpaka alipobembelezwa akae. Walikuwa wameshamlilia Kaporali kitabuni. Sasa waliketi chini na mjane wake, wakamlilia upya kwa jina la Heri, ambalo wengi wao walikuwa wanalisikia kwa mara ya kwanza. Uji ulipikwa. Nyimbo ziliimbwa. Kilio kilichokosa mahali pa kukaa kule Kabambare kilipata mkeka Kasongo, kwa watu ambao hawakumjua marehemu ila kwa kusomewa.

Katikati ya mazungumzo mtu mmoja, kwa nia ya kumfariji, alimwambia Véronique asihuzunike, maana Papa Clovis anaandika kitabu cha tatu na Kaporali atarudi.

Véronique aliinua uso, akamtazama Clovis.

"Papa, usimufufue," alisema. "Nimekuwa na bwana asiyekufa miaka mingi. Kila pikipiki ikisimama, moyo unaruka. Mutoto wangu akiita bwana wa mwingine baba, ninaficha uso. Ule ni muzigo mubaya. Umewapa hawa watu kilio chao, uwaachie."

Alikaa kwa Clovis hadi barabara ilipokauka kidogo, akaondoka na vipande vya sabuni kwenye kikapu kilicholeta karanga. Kule Kabambare, Esther-Divine aliwaita ndugu wa baba yake, mama akawasimulia yote, pamoja na jiko, mvua na mkeka. Matanga yalifanywa. Yule mzee wa uvumi wa Salamabila, baba mdogo wa Heri, siku ya kwanza alisimama nyuma ya wengine. Siku ya pili alikuja na mbuzi, akamfunga kwenye mti wa uani kwa Véronique, akaomba apewe pa kuketi.

Nourdine alipeleka ujumbe Lusangi. Mzee André yu hai. Alirudisha jibu kwamba mahali pale hapakupotea: ni pembeni ya michikichi yake, na hulima kandokando bila kupagusa.

Kwa hiyo kiangazi hiki wanakwenda: Véronique na binti yake, Clovis na Léocadie. Baba mdogo naye ameomba nafasi kwenye pikipiki. Watabeba saruji kidogo, ya kutosha kusimamisha msalaba.

Kitabu cha tatu nacho kinaendelea, polepole. Feza atapata mtoto. Msaliti wa risasi atajulikana. Clovis anajua barua za hasira zitakuja, na wateja wengine watanuna.

"Watazoea," anasema, akilainisha uso wa sabuni ndani ya kisanduku cha mbao kabla haijaganda. Soraya, baada ya kusikia yote, ameshaondoka; kitabu amekiacha juu ya kigoda.

Clovis ananawa mikono, anajifuta, anatazama upande wa barabara ya Kabambare.

"Pale Lusangi tulimzika kwa jina la utani, sisi askari tukiwa na haraka," anasema. "Nataka nisimame pale, mkewe akiwa pembeni, nimwite kwa jina alilopewa na wazazi wake. Nimwite kwa sauti. Safari hii hakuna anayetukimbiza."