Faru wa Saa Kumi na Mbili

Saa kumi na mbili jioni, muda ambao magari yote yanatakiwa yawe yameshatoka kreta, mimi nilikuwa bado chini, injini nimezima, namwangalia faru. Nilimpata kwa dakika nne. Kwa dakika hizo nimezuiwa kuingia Ngorongoro mpaka itakapoamuliwa vinginevyo.

Siku ile nilikuwa na mgeni mmoja, mama wa makamo aliyesafiri peke yake. Kufikia saa tisa alikuwa ameona simba na viboko. Akasema ametosheka, angependa kukaa kando ya bwawa anywe chai. Nilimwomba tusubiri kidogo. Sisi madereva wa watalii husifiana kwa hilo, na mimi nilisifiwa zaidi: wenzangu wakikata tamaa, mimi hubaki, na mnyama hutokea. Kwenye redio jirani yangu, dereva pia, alinitania, "Mzee, umeota mizizi? Sisi tunapanda." Nikacheka. Saa kumi mgeni aliulizia tena chai. Saa kumi na moja hakuuliza kitu.

Faru alipotoka kwenye majani nilimpa darubini. Alitazama, akashukuru kwa adabu, akanirudishia. Mimi ndiye niliyeendelea kutazama.

Getini askari hakupaza sauti. Aliniuliza kama saa siijui au naijua nikaidharau, kisha akaandika namba ya gari. Ilikuwa mara yangu ya tatu.

Sasa alfajiri, nikiwa kitandani Karatu, nasikia magari ya wenzangu yakipandisha kwenda huko. Simu yangu hailii. Jirani alipita mara moja, ameniletea maharage ya kwao Mbulumbulu. Nikamlalamikia kwamba naadhibiwa kwa kuwa na subira.

"Kaka, subira unayo," alisema. "Kiasi ndicho huna."

Nilinuna siku kadhaa. Kisha nikaanza kuipanga ile siku upya, saa kwa saa. Kuanzia saa tisa hakukuwa na dakika iliyokuwa yangu. Siku ilikuwa ya yule mama, naye alishasema imemtosha. Nilidhani navumilia, kumbe nilikuwa natamani.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya kujitetea, kurasa mbili. Niliichana. Ya pili ina mistari sita, ya kuomba radhi, niliipeleka mwenyewe ofisi ya hifadhi. Karani aliigonga muhuri bila kusema majibu yatatoka lini. Jumatatu zitatimia wiki tano tangu niipeleke, na bado sijui kama kwenda kuulizia ni haki yangu au ni kuzidisha.