Sindano ya Kumi na Mbili

Katika jumba la maonyesho kila mtu alimwita Mama Pindo, kwa sababu hajawahi kuona pindo linaning'inia akapita bila kulishona, hata kama ni la suruali ya mkurugenzi na mkurugenzi mwenyewe yumo ndani. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa fundi wa mavazi pale, katika chumba cha nyuma ya jukwaa chenye cherehani mbili, pasi moja na balbu moja isiyotosheleza. Sheria yake haikuwa na mjadala. Sindano zake za mkono zilikuwa kumi na mbili, zimechomekwa safu moja kwenye kitambaa chekundu. Zikitoka kumi na mbili, zirudi kumi na mbili, la sivyo hapapikwi wala hapaliwi.

Wenzake walidhani ni ukorofi wa uzee. Ilikuwa hofu. Alipokuwa msichana anafundishwa kushona na mama yake, aliacha sindano sakafuni, na mdogo wake wa kiume akaikanyaga. Ikakatikia ndani. Yule mdogo sasa ni baba mzima, anachechemea mpaka leo, na hajawahi kumlaumu dada yake hata siku moja. Afadhali angemlaumu.

Kila baada ya miaka miwili jumba lilipokea tamasha la kimataifa la tamthilia na dansi za kisasa. Mama Pindo hakulielewa, na hakujisumbua kujifanya analielewa. Alishamwona mtu akimenya chungwa dakika arobaini, watazamaji wakasimama kumpigia makofi. "Mimi kazi yangu kushona," husema. "Maana watajitafutia wenyewe."

Mwaka huu onyesho la ufunguzi lilikuwa la wachezaji tisa kutoka mbali, wanaocheza pekupeku juu ya chumvi. Asubuhi ya siku yenyewe, wakati wa mazoezi, gauni la binti mmoja lilifumuka kwapani. Mama Pindo alilishona papo hapo jukwaani, binti kalivaa, maana mwanga wa pale ulikuwa mzuri kuliko wa chumbani kwake. Hajamaliza vizuri kukata uzi, akaitwa mbio kupiga pasi mashati. Nyuma yake chumvi ikamwagwa, gunia baada ya gunia, ikasawazishwa kwa ubao mpaka jukwaa zima likawa jeupe.

Saa kumi kasorobo alasiri, milango ikiwa imeshafunguliwa, alihesabu sindano zake. Kumi na moja.

Alihesabu tena kwa kidole. Alikung'uta aproni, akapapasa kola, akapiga magoti chini ya meza. Kumi na moja, na tundu moja tupu mwisho wa safu. Akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu.

Wazo lake la kwanza, tusimsingizie utakatifu, lilikuwa kunyamaza. Mwezi uliopita msimamizi wa jukwaa alimwambia kwa upole, "Mama, naona macho yamechoka. Tamasha likiisha tuzungumze." Akisema leo, hakutakuwa na la kuzungumza. Na nani angejua sindano ni ya nani? Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo chenyewe kingeingilia mguu wa mtoto wa watu. Akasimama.

Alimkuta msimamizi pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia jeusi.

"Mwanangu, sindano yangu imo kwenye chumvi."

Kijana alimtazama kana kwamba hakusikia. "Sindano gani?"

"Ya asubuhi. Pale nilipomshonea yule binti. Simamisha."

"Mama, watu wameshakaa! Wageni wa nchi tisa!" Jasho lilimtoka juu ya mdomo. "Hebu kahesabu tena, tafadhali. Labda umeisahau nyumbani."

"Sijawahi kuisahau nyumbani."

"Nakuomba, mama. Kahesabu."

Nyuma yake wachezaji walikuwa wameshajipanga, pekupeku. Yule binti alimtabasamia Mama Pindo, akagusa kwapa lake lililoshonwa kumwonyesha kwamba limekaa vizuri. Hapo Mama Pindo akavua viatu.

Alipoikanyaga chumvi, ukumbi ulinyamaza. Fundi taa kule juu alidhani ratiba imebadilishwa, akamwashia taa. Mama Pindo alitembea akiburuta nyayo, hatua kwa hatua, kuelekea pale alipokumbuka binti alisimama. Chumvi ilimchoma kwenye magaga ya visigino, na magaga hayohayo ndiyo yaliyomtisha: ngozi ngumu vile ingehisi nini? Akawa anakanyaga kwa uzito wake wote. Kila hatua aliogopa kuipata, na aliogopa zaidi kuikosa. Alikwenda, akarudi, akasogea nusu hatua, akaenda tena. Mtu mmoja gizani alianza kulia taratibu, sijui kwa lipi.

Sindano ilimwingia kwenye kisigino cha mguu wa kulia. Aliuma meno, akasimama kwa mguu mmoja, akaichomoa. Makofi yakalipuka. Watu walisimama kwenye viti vyao.

Alirudi pembeni akirukaruka. Msimamizi akamdaka. "Umeipata! Mama, umeipata!"

Mama Pindo alifungua kiganja. Ilikuwa nusu. Upande wa tundu la uzi tu.

Wote wawili wakageuka kuitazama ile chumvi nyeupe, na wale wachezaji waliokuwa wameinua mguu wa kwanza.

"Wangoje!" alisema.

Aliketi sakafuni, akakamata kisigino kwa mikono miwili, akakibonyeza kwa dole gumba kwa nguvu zote. Maumivu yalipanda mpaka nyongani, na chini ya dole gumba akahisi ncha ngumu ikisogea. Akabonyeza tena, kuhakikisha. Machozi yalimtoka, na uso wake ukalegea kama wa mtu aliyesamehewa.

"Imo humu," alisema. "Waambie waingie."