Siku Ikipita, Njoo

Siku ya kwanza kazini niliripoti kituo cha afya cha Mpemba nikiwa na tai shingoni na vumbi la malori kwenye nyusi. Mganga Mfawidhi, mkuu wa kituo, alisoma cheti changu mara mbili. "Uchumi wa tabia," akasema. "Ndiyo nini?" Nikamweleza kuwa ni elimu ya kwa nini mtu anajua la kufanya na bado halifanyi. "Hiyo mke wangu anayo," akasema, "na hakuisomea."

Baadaye nilihamishiwa Mbozi, kwenye kahawa. Huko kina mama walileta watoto kwa chanjo ya kwanza ya surua, ya pili hawakurudi. Mganga Mkuu wa Wilaya alitaka gari la matangazo. Mimi nikaleta ujanja wa chuoni, ahadi ya hiari: mama asipangiwe siku, aichague mwenyewe, aitamke mbele ya wenzake, nesi aiandike kwenye kadi. Mtu hapendi kuonekana kigeugeu.

Mabenchi yakajaa. Nikaanza kutembea kama mwenye zahanati.

Kisha surua ikaingia. Nesi alipopekua rejesta, wagonjwa wengi walikuwa watoto wa waliokosa siku zao. Tulimkuta Mama Ezekia, kijijini Igamba, amemfunika mwanawe kanga usoni kwa sababu mwanga ulimuumiza macho. Nilimuuliza kwa nini hakuja hata siku iliyofuata, na zahanati iko ng'ambo tu ya shamba.

"Nilitamka Jumanne mbele ya watu," alisema. "Jumanne tukawa msibani ukweni, na ukweni huondoki kabla ya kuzika. Sasa baba, ningerudi Alhamisi na uso gani?"

Nesi hakunitazama. Alimpa mtoto matone ya vitamini A, tukamkimbiza hospitali. Kila asubuhi nilikwenda kuuliza habari za macho yale. Mtoto alipona, ila jicho la kushoto lilibaki na kovu.

Nilimweleza Mganga Mkuu yote, nikisubiri barua ya onyo. Alivua miwani. "Umewafungia mlango kwa vinywa vyao wenyewe," akasema. "Kaufungue." Nesi ndiye aliyepata ufunguo: muhuri chini ya kila tarehe, *Siku ikipita, njoo*. Wakaja, wengine wamechelewa miezi, na hakuna aliyeulizwa kitu.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, na kutulia kumenishinda. Napalilia kahawa iliyokwisha kupaliliwa. Nahudhuria kliniki ya presha. Siku yangu ilikuwa Jumatatu ya wiki mbili zilizopita, na nilimhakikishia nesi, mbele ya wazee wenzangu, kwamba mimi sikosi. Nikakosa, kwa sababu ambayo hata siikumbuki. Tangu hapo nikienda dukani napita njia ya nyuma, nisionekane na watu wa zahanati.

Leo mke wangu ameweka kadi yangu ya kliniki kando ya kikombe changu cha chai. Ule muhuri upo, wino wa bluu.

Ninyi mnaoanza kazi hii, naandika haya nikiwa nimevaa kiatu kimoja. Natafuta cha pili.